Wazee Waliinamisha Macho

Harufu ya banda la kuku wa nyama haianzii puani. Inaanzia machoni. Siku yangu ya kwanza pale shambani, nje kidogo ya mji wa Mahajanga, Madagaska, machozi yalinitoka kabla sijamwona kuku hata mmoja. Msimamizi alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, redio ikiimba miguuni pake, akacheka.

"Unamlilia nani, binti? Hawajafa bado."

Nilicheka naye. Shingoni nilikuwa nimevaa mfuko mdogo wa kitambaa cheupe, uliotariziwa maua ya matundumatundu kama wanavyotarizi wanawake wa kwetu, na nyuma ya tundu moja la ua lilikuwa jicho la kamera. Kila alichokisema msimamizi kiliingia humo. Kilichonikera baadaye ni kwamba redio yake nayo iliingia.

Niseme kwanza nilifikaje pale. Nilikuwa mwandishi kijana wa riwaya moja ambayo watu wengi waliisifu na wachache waliisoma. Kila Jumamosi tulikutana, sisi vijana tuliojiona wenye kalamu, ghorofani juu ya duka la vitambaa, tukisomeana kurasa na kugombana kuhusu vivumishi. Mmoja wetu, mwalimu wa sekondari, alikuwa na jambo jingine moyoni. Yeye na wenzake wachache walitaka kuonyesha jinsi kuku wanavyofugwa katika mabanda yale marefu ya bati yaliyokuwa yanaongezeka kandokando ya barabara. Waliandika makala, hakuna aliyeyasoma. Walimwita daktari wa mifugo, akaenda, akanywa kahawa na mwenye shamba, akarudi akisema mambo ni mazuri. Basi mwalimu akaniambia tunahitaji picha za video, na picha haiwezi kupigwa na mtu kama yeye, mwenye miwani na viatu vya ngozi.

"Wewe ni mtoto wa Ampisikina," alisema, akitaja mtaa wetu wa Wakomoro. "Wewe watakuajiri bila kukuuliza kitu."

Kweli hawakuniuliza. Mama mkubwa, dada wa mama yangu aliyenilea, ndiye aliyekuwa akipika kwenye harusi kubwa za Wakomoro wa mjini, na kuku wake wote walitoka shamba lile. Alisema neno moja tu kwa msimamizi nikapata kazi ya kukamata na kupakia. Hakujua kilichokuwa shingoni mwangu. Alidhani nimechoka na vitabu, akamshukuru Mungu.

Nyumbani tulisema Kikomoro, bandani watu walisema Kimalagasi, na kwa mwenye shamba kilisemwa Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata Unguja nilipokwenda kusoma. Maneno ya watu nimeyahamisha kadiri nilivyoweza, nikijua kuwa baadhi ya utani umeanguka njiani.

Sasa banda lenyewe, lililotazamana na machinjio ya shamba. Kuku wale walikuwa wa aina ya kunenepa upesi. Walifika vifaranga wa manjano, na baada ya majuma machache walikuwa na vifua vya kuku watu wazima juu ya miguu ya watoto. Miguu ilipinda chini ya uzito. Kuku aliyeshindwa kutembea hakufika kwenye chombo cha maji, na asiyefika hapo alikufa kwa kiu huku akiyaona maji. Maranda ya sakafuni hayakubadilishwa. Yalilowa kinyesi yakawa tope la moto, na waliolala humo walichubuka vifua vikabaki nyama nyekundu. Umeme ulipokatika, mafeni yalisimama, na banda zima likafungua midomo kwa pamoja. Hakuna aliyelia. Ulisikia pumzi tu, kama moto wa makaa unaopulizwa. Waliodumaa walitupwa kwenye pipa la bluu kando ya mlango. Walitupwa wazima, na wenzao wakatupwa juu yao.

Siku za kupakia, mapazia ya turubai yalishushwa mchana kweupe ili kuku wadhani giza limeingia watulie. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Tuliingia, tukavua fulana na blauzi kwa sababu ya joto, kila mmoja akajifunga leso yake kifuani, mabega wazi, kama mwanamke yeyote wa pwani hii anavyojifunga akifua nguo uani kwake. Tuliinama tukakamata. Mguu mmoja kwa kila kuku, kuku wengi katika kiganja kimoja, vichwa chini. Unawasikia wakivunjika mikononi mwako, mlio mdogo, kama kijiti. Wanawake wenzangu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafanya haraka kwa sababu msimamizi alikuwa anapiga makofi, na aliyebaki nyuma hakuitwa tena kesho yake.

"Kaza mwendo, mwandishi!" aliniambia jirani yangu mara moja, nikadhani nimegundulika, kumbe wote waliniita hivyo kwa kuwa kalamu ilinining'inia kwenye nywele. "Unamshika kuku kama unamwomba ruhusa."

Mwalimu alitaka tuwe na safari pia, si banda peke yake. Nikamwomba msimamizi aniruhusu nifuatane na mzigo wa Nosy Be, kisiwa cha watalii, nikamwambia nina shangazi huko. Sina. Hoteli moja ya Andilana, ufukweni mwa kisiwa hicho, ilitaka kuku wafike hai, wachinjwe jikoni pale pale na mpishi Mwislamu, ili wageni waambiwe nyama ni ya leo. Basi kuku waliteremshwa kwa lori njia yote ile mbovu hadi bandari ya Ankify, kreti juu ya kreti, walio juu wakiwanyea walio chini. Ankify boti ilichelewa. Kreti zilipangwa gatini juani, dereva akaingia kivulini kula wali.

Nilikuwa na chupa ya maji yangu ya kunywa. Nilianza kuyamimina kidogo kidogo kwenye vijitundu vya kreti, nao wakawa wanapokea kwa midomo iliyopanuka.

"We dada!" dereva alipaza sauti, wali mdomoni. "Unawatawadhisha? Wanakwenda kuswali?"

Gati zima likacheka. Na mimi nilicheka, maana ilichekesha, lakini niliimimina chupa yote mpaka tone la mwisho. Huko Andilana mpishi alifungua kreti moja moja, waliokufa akawarusha kando ya ukuta bila hata kuwatazama. Upande wa pili wa ukuta huo, bustanini, kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa lugha kadhaa kuwaomba wageni wasiwasumbue komba, kwa kuwa ni viumbe wapole wanaostahili heshima. Nilisimama pale nikisoma kibao hicho katika kila lugha niliyoijua.

Tuliporudi, picha zilikuwa zimetosha. Swali lilikuwa tuzipeleke wapi. Mwalimu alitaka televisheni. Mimi nilikuwa na wazo jingine, nikalipigania kwa nguvu zote, na bado naamini lilikuwa wazo zuri.

Shamba lile liliishi kwa kibali cha kamati ya msikiti. Kila mwaka kamati iliweka sahihi kuthibitisha kwamba kuku wake ni halali. Bila sahihi hiyo hakuna harusi, hakuna maduka ya mtaani, hakuna hoteli za Nosy Be. Na mwaka ulikuwa unaisha. Sahihi mpya ilikuwa inangojwa. Nilitaka kamati ikatae kutia sahihi mpaka mwenye shamba akubali masharti machache: maranda makavu, nafasi ya kutembea, maji yanayofikika, pipa liondoke, kreti zifunikwe njiani. Shehe aliyeiongoza kamati nilimjua tangu utotoni. Nilimsikia akihutubia kwamba mnyama asionyeshwe kisu kabla ya wakati wake, na kwamba paka aliyelala kwenye kanzu yako haamshwi. Nilisema moyoni: huyu akiona, yamekwisha.

Ilibidi nimwambie mama mkubwa. Alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo nilikutafutia kazi ukaenda kupeleleza."

"Nilikwenda kutazama, mama."

"Watu wanatazama kwa macho yao, hawatazami kwa kifua." Kisha akasema lile ambalo nilijua atalisema. "Wewe hukuwepo. Mwaka ule watu wetu walipouawa hapa mjini, na waliobaki wakapanda meli na ndege kurudi visiwani, sisi tulifunga mlango. Mwishoni mwa miaka ya sabini mtaa huu ulikuwa mtupu, unasikia kuku wa jirani anatembea. Tulibaki hapa kwa sababu hatukupiga kelele. Leo unataka Wakomoro watajwe kwenye televisheni, na kuku?"

"Ndiyo maana sitaki televisheni. Nataka wazee wetu wenyewe."

Aliuinua ungo tena. "Basi waje hapa," alisema. "Nitapika sambusa. Za samaki."

Walikuja baada ya swala ya alasiri, shehe na wazee wawili, wakakaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mwalimu aliweka kompyuta yake mezani kati ya birika na sahani. Nilikuwa nimekaa mlangoni pa jikoni, nikiona nyuso zao lakini sikioni kioo. Kioo sikukihitaji. Nilikuwa naijua kila sekunde.

Picha ya kwanza ilikuwa sisi tukiinama gizani, wanawake watano na kuku mikononi. Shehe aliinamisha kichwa. Mzee wa kulia akainamisha. Wa kushoto akafumba macho kabisa, vidole vikaanza kutembeza tasbihi. Niliona shingo zao zimeinama na nikahisi furaha chungu, kwa maana hiyo ndiyo sura ya mtu aliyeguswa. Walibaki hivyo wakati wa pipa. Walibaki hivyo umeme ulipokatika na midomo ilipofunguka. Ankify, juani, hawakuinua uso. Nilifikiri: hawawezi kuvumilia. Nilifikiri: tumeshinda. Mwalimu alinitupia jicho, na macho yake yalikuwa mekundu.

Picha ikaisha. Kisha shehe akakohoa, akauliza kwa upole:

"Anayeimba ni nani?"

Hatukuelewa.

"Kuna mtu anaimba karibu muda wote. Ngoma na gita."

"Ni redio ya msimamizi, shehe," nilisema.

"Aha." Akawageukia wenzake. "Mmesikia bismillahi?"

"Mimi sikuisikia," alisema wa kulia.

"Hata mimi," alisema wa kushoto. "Nilitega sikio mahali pale visu vya machinjioni vinapolia. Gita tu."

Mwalimu, ambaye hakuwa Mwislamu na alikuwa na adabu kupita kiasi, aliuliza kama pengine wangependa kutazama tena zile sehemu za bandani.

"Tutazameje, mwanangu?" Shehe hakuwa amekasirika. Alikuwa ameona haya, na haya yake yalikuwa ya kweli. "Mmetuwekea wanawake wa watu wamejifunga leso kifuani, mabega nje, wanainama. Sisi ni watu wazima. Tumesikiliza."

Hawakuona kitu. Hata kuku mmoja. Tulikuwa tumekesha tukichagua picha, mwalimu na mimi, tukipima ipi itangulie na ipi ifuate, na haikutujia hata mara moja kwamba mabega ni mabega. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanawake! Mfuko ulikuwa shingoni mwangu, kwa hiyo bega langu halikuonekana, na labda ndiyo maana nililisahau.

"Mle ndani kuna joto, shehe," alisema mama mkubwa kutoka jikoni, akileta sambusa. "Hata wewe ungeingia ungevua kanzu."

"Ningevua, ndiyo. Lakini nisingepigwa picha."

Wazee walicheka, sambusa zikazunguka. Niliinuka nikasimama mbele yao, jambo ambalo binti halifanyi, nikaanza kusimulia kwa mdomo. Miguu iliyopinda, maji yasiyofikika, pipa. Nilitumia maneno yangu bora. Nadhani nilitumia maneno mazuri mno, kwa sababu mzee wa kushoto alisikiliza kwa raha kama anayesikiliza kasida, na nilipomaliza akamwambia mama mkubwa, "Mashallah, ana ulimi huyu."

Mwalimu aliondoka akaahidi kuwakata wanawake katika picha. Alifanya kazi ile siku kadhaa. Aliponiletea, karibu kila kitu kilikuwa kimekwenda, maana kila kuku alikuwa mkononi mwa mwanamke au mbele ya mkono wangu mtupu. Palibaki paa la bati, feni lililosimama, kona ya pipa, na bahari ya Ankify ikimetameta. Wazee waliitazama hiyo kwa makini mpaka mwisho. Walisema bahari imetoka vizuri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, nami nikiyakimbilia kwa nyuma. Kamati ilimwita mwenye shamba. Aliambiwa kuhusu redio. Alishtuka kwa dhati, akaomba radhi, akamfokea msimamizi hadharani. Alipendekeza hata anunue kinasa sauti ili bismillahi isikike bila kukoma siku nzima, shehe akamwuliza kama nyumbani kwake huwa anatuma kinasa sauti kikamsalimie mkewe. Wakakubaliana: redio ipigwe marufuku, mchinjaji ainue sauti, na kamati ije ikague kwa macho yake kabla ya kutia sahihi.

Kwa macho yake. Nilishikilia maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba. Kazi nilikuwa nimeshafukuzwa, bila shaka, lakini mama mkubwa alialikwa kwenye ukaguzi kama mnunuzi, nami nikaenda kumbebea mkoba. Aliniruhusu. Njiani alisema tu, "Usipige kelele. Mwonyeshe."

Machinjioni palikuwa pamefagiliwa na kumwagiwa maji. Mchinjaji, kanzu mpya, alisimama kuelekea kibla na kila kuku alipata bismillahi yenye kusikika mpaka barabarani. Kisu kilikuwa kikali kweli. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Banda lilikuwa pale pale, ng'ambo ya uwanja mdogo, mlango umefungwa, na hakuna aliyeligeukia. Msimamizi alikuwa ameshaleta kiti na soda.

Nilimwendea shehe. "Baba shehe, nakuomba. Leo hakuna wanawake mle. Hakuna mtu. Kuku peke yao. Njoo uone."

Wenzake walinitazama kwa kuchoka. Mwenye shamba alianza kusema kitu kuhusu magonjwa na viatu. Lakini shehe alikuwa mtu mwema, na siwezi kuandika kinyume cha hilo hata leo ninapokasirika. Aliinua pindo la kanzu yake akavuka uwanja pamoja nami.

Nilifungua mlango. Hewa ya ndani ilitoka ikatupiga. Nilimwona akirudi nyuma kama aliyesukumwa. Alivua kofia akaikandamiza puani, na machozi yakaanza kumtiririka, makubwa, ya mtu mzee. Mbele yetu, karibu na kizingiti, kuku mmoja alikuwa amelala chali akipiga miguu hewani. Nyuma yake weupe wote ule, ukihema.

"Unawaona?" nilisema. "Yule pale hawezi kusimama. Na yule. Tazama kifua cha yule."

Alipepesa macho. Alijaribu, nakiri kwamba alijaribu. Alifuta machozi kwa mkono wa kanzu, akafumbua, yakajaa tena. Macho ya uzee hayakuweza kukaa wazi katika hewa ile hata kwa muda wa kuvuta pumzi.

"Nimeona," alisema, akageuka.

"Hujaona, baba shehe."

"Nimeona, mwanangu. Ni kuku, wako hai, hawana ugonjwa wa wazi. Nitamwambia aongeze madirisha." Aliniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi, akarudi uwanjani huku akikohoa.

Walitia sahihi juu ya boneti la gari la mwenye shamba, kwa kuwa meza ilijaa soda. Masharti yalikuwa mawili, redio na sauti ya mchinjaji. Madirisha hayakuandikwa. Nilimwona mama mkubwa amesimama kando, mikono kifuani. Hakusogea kumpongeza mtu. Alipoulizwa ataagiza kuku wangapi wa harusi ya mwezi ujao, alisema bado anafikiri, na mwenye shamba akacheka kwa adabu.

Mimi nilikuwa bado mlangoni. Niliingia, nikamchukua yule kuku aliyelala chali. Alikuwa mzito na wa moto kama mkate uliotoka tanurini, moyo wake ukikimbia chini ya vidole vyangu. Nilimgeuza nikamsimamisha. Miguu ilifunguka pande mbili, akaanguka kwa kifua. Nikambeba nikamfikisha kwenye chombo cha maji, nikamshikilia pale, akanywa. Kando yake kulikuwa na mwingine amelala vivyo hivyo. Nikamwendea. Na nyuma ya huyo mwingine.

"We dada!" msimamizi aliita kutoka kwenye soda zake. "Funga mlango huo! Unawaunguza hao kuku wenzako na joto la nje!"

Nilikuwa na kuku mmoja kila mkono, nikiwa nimewabana kifuani, na chombo cha maji kilikuwa kimekauka.